MAJI KWANZA, UKUTA BAADAYE

Hotuba iliyosemwa mbele ya watu waliokusanyika katika ukumbi wa soko, katika Kaunti ya Machakos, kusikiliza mambo ya ujenzi wa nyumba. Msemaji ni mfasiri wa Serikali.



 Kwanza yanipasa kukiri jambo moja, asije mtu akaondoka hapa akidhani amedanganywa. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri. Huletewa karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza, nami nikazitia katika Kiswahili ili watu wote wapate kuzisoma. Katika kazi hiyo nimefasiri habari za chanjo ya ng'ombe, za magonjwa ya mahindi, za kodi, na za mambo mengine mengi ambayo mimi mwenyewe siyajui ila kwa majina yake tu.

Miongoni mwa karatasi hizo ilikuwamo moja ndogo, ya kurasa nne, iliyohusu visima na vyoo. Ndani yake mlikuwa na maneno haya, nami naliyaandika kwa mkono wangu: kwamba shimo la maji machafu lisiwe karibu na kisima kwa umbali ulio chini ya mita 30, wala lisichimbwe upande wa juu wa kisima. Nakumbuka jinsi nilivyoyapima maneno hayo, nikayafuta, nikayaandika tena, hata nikaridhika. Karatasi ikapigwa chapa, ikatawanywa. Miezi saba baadaye nalichimba shimo la maji machafu ya nyumba yangu, hatua 18 kutoka kisima cha mama yangu, na upande wa juu.

Leo nimekuja kuwaeleza habari ya shimo hilo, na jinsi maji yanavyopasa kuingia nyumbani na kutoka. Wengi wenu mmekusudia kujijengea nyumba kwa mikono yenu na kwa fedha zenu. Ni kusudi jema. Nataka msipate hasara niliyoipata mimi, wala msiwape jirani zenu hasara niliyowapa mimi jirani zangu.

TUNAVYOJENGA

Tazameni jinsi tunavyojenga. Mtu akipata fedha kidogo hununua mawe. Akipata tena huchimba msingi. Kisha huinua kuta, akazipima kwa timazi na pimamaji, akaezeka mabati, akatia milango na madirisha, akapaka rangi. Mwisho wa yote, fedha zikiwa zimekwisha na watoto wamekwisha kuhamia, ndipo amwitapo fundi wa mabomba na kumwambia, "Njoo ututilie maji." Fundi huja na nyundo na tindo, akaanza kuvunja ukuta ambao lipu yake haijamaliza hata mwezi. Na maji machafu? Hayo hupelekwa po pote palipobaki nafasi.

Huo ndio mwendo nilioufuata. Fundi niliyemwita alikuwa mzee aliyefanya kazi ya mabomba maisha yake yote. Alizunguka nyumba mara mbili, akasimama nyuma ya jikoni, akaniuliza, "Bwana Karani, hapa maji yatakwenda wapi?" Nami nikamjibu kwa ujinga wa msomi, "Mzee, ardhi ni kubwa, itayanywa." Hakubishana nami. Alisema tu kwamba ardhi ikinywa, maji hayaishii hapo. Nikadhani ni methali ya wazee. Kumbe yalikuwa maneno ya ufundi.

Maji hayafuati mapenzi ya mwenye nyumba, hufuata mteremko. Kwa hiyo mwenye kujenga yampasa autembee uwanja wake siku ya mvua kubwa, aone maji yatokako na yaendako. Kisha achukue karatasi, achore mahali pa vitu vyote kabla ya kununua jiwe la kwanza: kisima kiko wapi, chake na cha jirani yake pia, tangi litakaa wapi, nyumba itakaa wapi, jiko, bafu na choo vitakuwa upande gani, na shimo la maji machafu litachimbwa wapi. Maji safi yawe juu, nyumba iwe katikati, maji machafu yawe chini. Jiko, bafu na choo yafaa vikaribiane, ili mabomba yawe mafupi na viungo vyake viwe vichache, maana kila kiungo ni mahali ambapo maji yaweza kuvuja siku moja.

KISIMA CHA MAMA

Kisima nilichokitaja kilichimbwa na marehemu baba yangu mwaka 1984, mwaka wa njaa ile ambayo watu wa Ukambani waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake, nafa na fedha mkononi. Kina chake ni mita tisa. Hata baadaye, maji ya mfereji yalipotufikia, kisima hakikuachwa, kwa kuwa mfereji hukauka kila mwaka wakati wa kiangazi. Nyumba tisa zilikuwa zikiteka hapo, na mama hakumtoza mtu senti.

Nyumba yangu ilikwisha mwaka 2016. Ilikuwa na choo cha maji, bafu, na sinki la jikoni, na maji yote machafu yaliingia katika shimo lile. Kwa miezi mingi hapakuwa na neno. Mwaka uliofuata, masika yalipokuja, maji ya ardhini yakapanda. Watoto wakaanza kuugua matumbo, mmoja hapa, mmoja pale. Binti yangu akaugua siku nne. Mtoto wa jirani yetu, msichana wa miaka minne, akashikwa na homa ya matumbo, akalazwa hospitali siku 11.

Siku moja asubuhi mama alikuja mlangoni kwangu na kikombe mkononi. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, maji ya baba yako yananuka sabuni." Nikaonja. Yalikuwa meupe, mazuri kwa macho, lakini yalinuka sabuni ya kufulia, ile ile iliyokuwa bafuni mwangu.

Bwana Afya akaitwa. Alichota maji katika chupa safi, akayapeleka kupimwa, na majibu yakaja kwamba yana vijidudu vya kinyesi. Akapima hatua kutoka kisimani hata shimoni, asiseme kitu. Kisha akafungua mkoba wake, akanipa karatasi ndogo ya kurasa nne, akaniuliza kwa upole, "Bwana, wajua kusoma Kiswahili?" Nikamjibu kuwa najua. Hakujua kuwa maneno yale yalikuwa yangu, wala mimi sikupata nguvu ya kumwambia.

Hakuna awezaye kuapa kwamba mtoto yule aliugua kwa sababu ya shimo langu. Homa ya matumbo ina njia nyingi. Lakini mimi nilikuwa nimemfungulia njia mojawapo, kwa mikono yangu.

JAMBO HILI SI GENI

Msidhani kwamba haya ni makosa ya watu wa Ukambani peke yao. Mwaka 1854, katika mtaa wa Soho mjini London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 kwa muda mfupi. Wakati ule waganga wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya ya hewa. Daktari mmoja, jina lake John Snow, aliandika mahali pa nyumba za waliokufa, akaona kwamba wengi wao waliteka maji ya pampu moja iliyokuwa Broad Street. Akawaomba wakuu wa mtaa waondoe mpini wa pampu, nao wakauondoa. Baadaye mafundi walipochimba pale waliona kwamba shimo la uchafu la nyumba moja lilikuwa karibu mno na kisima, tena matofali yake yalikuwa yameoza, na uchafu ulikuwa ukipenya kwenda kisimani.

Liko jambo moja katika habari hiyo ambalo halinitoki moyoni. Mjane mmoja aliyekuwa akikaa mbali, upande wa Hampstead, aliyapenda sana maji ya pampu ile kwa utamu wake, hata akawa analetewa kwa gari. Naye akafa. Basi wale wasemao, "Maji haya ni meupe, tena matamu, hayawezi kutudhuru," na wamkumbuke mjane huyo. Sabuni iliyonuka katika kikombe cha mama ilikuwa rehema, kwa kuwa vijidudu vyenyewe havina harufu.

MAJI YANAYOINGIA

Sasa natupe macho juu ya paa. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Hesabu hii ni rahisi, na mtoto wa shule aweza kuifanya. Chukueni nyumba iliyofunika mita 10 kwa 7, yaani mita 70 za mraba. Mahali panapopata milimita 700 za mvua kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 49,000. Toeni sehemu moja katika tano kwa ajili ya maji yanayomwagika na kukauka. Zabaki lita 39,200. Mkizigawanya kwa siku za mwaka, mwapata lita 107 kwa siku, yaani madebe matano ya lita 20 na ziada kidogo.

Je, zatosha? Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, yataka lita 120. Kwa hiyo paa lakaribia kutosha, lakini halitoshi kabisa. Tena mvua haiji kila siku. Kiangazi chetu, tangu Juni hata mvua za vuli katika Oktoba, ni kama siku 120, na siku hizo zahitaji lita 14,400 zilizokwisha kuwekwa akiba. Mwenye tangi la lita 1,000 atakunywa akiba yake kwa siku nane. Asilaumu mvua, alaumu tangi lake.

Sasa tieni choo cha maji katika hesabu hiyo. Tangi la choo cha siku hizi humwaga lita 6 kila likivutwa. Watu sita wakilivuta mara tano kila mtu, hizo ni lita 180 kwa siku, nazo zazidi maji yote yatokayo katika paa. Kwa hiyo nasema waziwazi: ambaye hana maji ya mfereji wala kisima cha kutegemewa, asijenge choo cha maji kwa ajili ya fahari. Choo cha shimo kilichojengwa vizuri chamfaa zaidi. Katika miaka ya 1970, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Peter Morgan alitengeneza choo cha shimo chenye bomba refu la hewa. Bomba hilo huondoa harufu. Juu yake hutiwa wavu, na chumba cha choo huachwa na giza kidogo, ili nzi walio shimoni wakimbilie mwanga wa bombani na kunaswa na wavu. Choo cha namna hiyo hakihitaji hata kikombe kimoja cha maji ya kukisukuma, walakini nacho chapaswa kuwa mbali na kisima.

Maji ya mvua ya kwanza msiyaingize tangini. Hayo huosha vumbi, majani na mavi ya ndege yaliyokusanyika juu ya mabati. Wekeni bomba la kusimama, lenye kizibo chini, lipokee maji hayo kwanza. Likijaa, ndipo maji safi yaende tangini. Bomba la kutolea maji liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, ili matope yabaki chini. Mwajengao tangi la saruji, lifunikeni na kulinyunyizia maji siku saba, kwa maana saruji ikikaushwa upesi hupasuka.

Tena tangi lifunikwe vema, na kila tundu litiwe wavu, mbu wasizae humo. Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la maji la bafuni lilitiwa visamaki vidogo ili vile viluwiluwi vya mbu. Na katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, mwaonekana visima na vyoo vya nyumba za mawe zilizojengwa karne nyingi zilizopita. Basi mtu asiseme kwamba kuweka maji na choo nyumbani ni desturi ngeni katika nchi hii.

Jambo jingine ni kimo. Nguvu ya maji bombani haitokani na ukubwa wa tangi, bali na kimo cha maji kupita mfereji. Tangi dogo lililo juu ya mnara wa mita sita lina nguvu kuliko tangi kubwa lililo chini. Lakini kumbukeni kwamba lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Mnara wa mbao hafifu ukibeba tani moja juu ya mahali wanapocheza watoto, huo si mnara, ni mtego.

MABOMBA NDANI YA NYUMBA

Ndani ya nyumba, mabomba yawekwe ukutani kabla ya lipu, wala si baada yake. Kila nyumba iwe na koki kuu mahali ambapo kila mtu aweza kuifikia, hata mtoto. Siku bomba litakapopasuka usiku, wakati wa kuitafuta koki ndio wakati ambao magodoro yanalowa. Kadhalika choo na sinki kila kimoja kiwe na koki yake, ili kimoja kikiharibika nyumba nzima isikose maji.

Mabomba yakiisha kuungwa, fungeni mifereji yote, yajazeni maji, muyaache usiku kucha. Asubuhi pitieni kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikilowa, rekebisheni wakati ukuta ungali wazi. Kisha pigeni picha ya kuta hizo, au mchore karatasini mahali bomba lipitapo, muiweke karatasi hiyo pamoja na hati za shamba. Miaka kumi baadaye mtu atakuja kupigilia msumari wa kutundikia saa, nanyi mtashukuru kuwa na karatasi hiyo.

Katika kazi hizi, ipo ambayo mwenye nyumba aweza kuifanya mwenyewe: kuchimba mitaro, kulaza mabomba ardhini, kutia gata, kujenga msingi wa tangi, kubadili mpira wa mfereji unaovuja. Na ipo ambayo yafaa aachiwe fundi aliyejifunza. Mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa moto huharibika ndani yakichomwa kupita kiasi, na tundu lake huziba pasipo kuonekana. Na chombo cho chote cha kuchemsha maji kwa umeme kisiguswe ila na mwenye ujuzi wa umeme. Kumlipa fundi wa kweli siku moja ni nafuu kuliko kumlipa fundi wa uongo mara tatu.

MAJI YANAYOTOKA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, nalo ndilo lililoniangusha. Maji safi husukumwa na kimo cha tangi, lakini maji machafu hayana wa kuyasukuma ila mteremko. Bomba la choo, ambalo kwa kawaida lina upana wa milimita 100, literemke kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Likiwa tambarare, uchafu hukaa. Likiwa na mwinamo mkali mno, maji hukimbia na kuuacha uchafu nyuma. Kila mahali bomba linapogeuka, jengeni kisanduku cha matofali chenye mfuniko, ili mpate pa kuzibulia. Ambaye hajengi kisanduku hicho huja kuvunja sakafu yake.

Chini ya kila sinki na kila beseni mtaona bomba lililopindwa mfano wa shingo ya bata. Wengine hudhani fundi alikosa bomba la kunyoka. Sivyo. Maji kidogo hubaki katika upindo ule siku zote, yakawa kama mlango unaoizuia hewa mbaya na wadudu wasipande kuingia nyumbani. Alexander Cumming, mtengeneza saa mjini London, alipewa haki ya uvumbuzi wa choo chenye upindo huo mwaka 1775, na hata leo hakijapatikana kitu kilicho rahisi kuliko hicho. Ila upindo wahitaji rafiki, naye ni bomba la hewa lipandalo hata juu ya paa. Pasipo bomba hilo, maji mengi yakishuka kwa kishindo huvuta pamoja nayo yale maji ya upindoni, mlango ukabaki wazi. Mkisikia sinki linaguruma mtu anapovuta choo, jueni kwamba hewa inatafuta njia.

Mwisho ni shimo lenyewe. Nyumba yenye choo cha maji yahitaji vitu viwili, na mimi nalijenga kimoja. Cha kwanza ni tangi lililojengwa lisivuje, lenye vyumba viwili, na kile cha kwanza kiwe kikubwa kuliko cha pili. Humo uchafu mzito huzama, mafuta na povu huelea, na maji ya katikati hupita. Kwa watu sita, tangi la lita 3,000 hivi si kubwa mno, nalo linyonywe kila baada ya miaka kadhaa, kabla matope hayajalijaza. Cha pili ni shimo la mawe au mtaro wa kokoto, ambamo maji yaliyotoka katika tangi hunywewa na udongo. Mtu asidhani kwamba maji yakitoka katika tangi yamekuwa safi. Yamepungua matope tu, vijidudu vingalimo. Udongo ndio unaoyasafisha, nao wataka nafasi na wakati. Ndiyo maana ya zile mita 30, na pale penye mwamba wenye nyufa au mawe ya matumbawe, kama kule pwani, mita 30 hazitoshi. Tena chini ya shimo pabaki udongo mkavu wa kama mita mbili kabla ya kufika maji ya ardhini, hata wakati wa masika.

Kabla ya kuchimba, pimeni udongo. Chimbeni kishimo hata kina cha mtaro wenu, mjaze maji, yakinywewa mjaze tena siku ya pili. Kama siku ya tatu maji yangali yamesimama, udongo huo haunywi, tafuteni mahali pengine. Kisha mwiteni Bwana Afya aje kuona kabla hamjachimba, na mpeleke ramani ya nyumba kwa wenye mamlaka ya kuikubali. Watu wengi huona huo ni usumbufu. Mimi pia nilionea hivyo.

GHARAMA YAKE

Mtaniuliza, mambo yaliishaje? Nalichimba shimo la pili chini ya shamba, mbali na kila kisima, nikajenga na tangi ambalo sikulijenga mwanzo. Ili kuligeuza bomba, ilipasa kuivunja sakafu ya bafu na ya jikoni. Yule fundi mzee ndiye aliyeivunja. Hakunikumbusha maneno yake. Shimo la zamani likanyonywa, likatiwa chokaa, likafukiwa. Kisima kikafunikwa kwa mbao miezi saba, kikatolewa maji, kikatiwa dawa ya klorini, kikapimwa mara tatu. Katika miezi hiyo mama yangu, mwenye miaka 71, alikwenda mtoni kwa punda, na kila asubuhi alikutana na wanawake waliokuja na ndoo zao pasipo habari, akawarudisha mwenyewe. Hakuwaambia ni kosa la nani. Walijua.

Leo kisima ki wazi, na watu wanateka. Nyumba nane zinateka. Mama wa yule msichana hajarudi. Hutusalimu vizuri, hutuletea maembe msimu wake, lakini hupita na ndoo yake kwa njia ya chini, aende mtoni. Simlaumu. Fedha niliyoipoteza naliweza kuihesabu, nikailipa. Hili siwezi kulilipa.

Basi, wazee wangu na ndugu zangu, mtakapofika nyumbani jioni hii, kabla ya kuhesabu mawe na mabati, tembeeni uwanja wenu kwa miguu. Simameni mahali mnapotaka kuchimba, mtazame chini mteremko, mwulize kisima cha nani kiko huko. Kisha pimeni mita 30 kwa kamba, wala msizikadirie kwa macho. Kama kamba haifiki, sogezeni shimo wakati lingali ni alama ya kijiti mchangani. Kijiti hung'olewa kwa mkono mmoja.